Chubwi na Tundu Lake

Chubwi la mshipi huhukumiwa kwa mambo matatu: uzito, umbo na tundu. Madukani, na siku hizi hata ufukweni, husifiwa jambo la nne, mng'aro, ambalo chini ya maji halina kazi yoyote. Chubwi hutengenezwa kwa risasi, nayo ikikaa hewani hufubaa ikawa ya kijivu. Chubwi linalomeremeta ama limemiminwa karibuni ama limepakwa rangi, na fundi anayejiheshimu hapaki rangi.

Uzito hauna mjadala mrefu. Risasi ya gramu 100 ikizamishwa baharini hupungukiwa gramu 9 hivi, chuma gramu 13, jiwe la kawaida karibu 38. Ndiyo maana chubwi la risasi huwa dogo na bado likashuka, mkondo usipate pa kulishika. Walaghai humimina risasi juu ya nati ya chuma, mnunuzi akafurahia unene. Sumaku ndogo humaliza ubishi.

Umbo liwe refu kiasi, nene chini, jembamba juu. La mviringo kamili ni la watoto: hubingirika mwambani na kuuzungushia mshipi kwenye matumbawe.

Tundu ndilo kila mgeni wa kazi hulipita. Hulirusharusha chubwi kiganjani, akalipa, asichungulie ndani. Tundu hupatikana kwa kusimamisha msumari katikati ya kalibu, kisha risasi humiminwa. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za selisiasi, jiko la mkaa latosha. Msumari ukichomolewa, fundi mbovu amemaliza kazi, fundi hodari ndiyo kwanza anaanza. Msumari huacha ukingo mkali midomoni, na kalibu ya mchanga huacha chembe zilizonasa ndani. Kila samaki anapovuta, nailoni husagika papo hapo. Changu mkubwa akikata, nailoni hulaumiwa, na mwenye chubwi hununua jingine la aina ileile. Fundi hodari huipanua midomo yote miwili kama tarumbeta, kwa ncha ya kisu, kisha kwa kijiti kigumu kilicholainishwa. Risasi ni laini. Ikigonga mwamba, ukingo hujikunja kuelekea ndani, na mdomo uliopanuliwa huwa na nafasi ya kujikunja bila kuugusa mshipi.

Wazee walipitisha uzi wa pamba tunduni, wakauvuta huku na huku. Ukiacha unyoya mmoja tu, chubwi lilirudi motoni. Wajanja wakagundua kujaza nta: uzi unateleza sokoni, nta inatoka baharini. Dawa yake ni kupitisha kwanza kitambaa chenye mafuta ya taa. Enzi za kamba ya pamba tundu lenye ukali lilisameheka, maana kamba ilichanika nyuzi nyuzi na kumwonya mvuvi. Nailoni hukatika bila taarifa.

Tundu likiwa sawa, chubwi moja hufanya kazi nyingi. Likiachwa liteleze juu ya fundo, samaki mwenye shaka hubeba chambo bila kuhisi uzito. Likifungwa mwisho kabisa, ndoana zikae juu yake, chambo huelea karibu na mwamba bila kunasa. Hapo hufungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, likinasa lipotee peke yake. Likibanwa kwenye shingo ya ndoana yenye kitambaa cheupe, likapandishwa na kushushwa kwa mikupuo, kolekole hulifuata. Kwenye bamvua, badala ya kubadilisha chubwi, huongezwa dogo la pili. Mshipi wenye machubwi matatu ni wa mtu aliyeanzia mahali pasipofaa.

Risasi ni sumu. Huyeyushwa nje, mbali na watoto na vyombo vya chakula, wala haibanwi kwa meno, ingawa wapo wanaoona kuwa huo ndio uzoefu. Uingereza ilizuia uuzaji wa machubwi mengi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakiyameza. Chubwi lililoharibika midomo halinyooshwi kwa nyundo, huyeyushwa upya.