Nguo ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa Kenya, kila ubishi kuhusu mavazi ya wanaume huegemea methali hii, hata kama hakuna anayeitaja. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti Bungeni. Kwa mwanamume, alisema, vazi linalofaa ni koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Mtandaoni watu wakamrukia: kwani suti si ya Wazungu? Mbona tuache nguo yetu?

Hoja hiyo ina shimo. Kaunda suti imebeba jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na mshono wake ni jamaa wa karibu wa suti ya safari ya enzi za ukoloni. Kama kosa ni kuazima, basi Spika na wapinzani wake wote wako uchi.

Pa kuipimia methali ni Mtito Andei, kituo cha mapumziko kati ya Nairobi na Mombasa. Basi likisimama pale usiku, anashuka mzee wa kanzu na kofia, karani aliyelegeza tai, utingo mwenye jezi ya Arsenal. Wote wanapanga foleni moja ya chai, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Nani kati yao amevaa kiasili? Katika karne ya 19 Wakamba walipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara wa aina hiyo. Misafara ilirudi na shanga, waya za shaba na merikani, kitambaa cha pamba kilichoitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Wahunzi wa Kikamba walizisokota waya zile zikawa mikufu myembamba ya kupendeza. Leo mikufu hiyo huitwa mapambo ya jadi, na ni sawa kabisa. Malighafi ilikuja kwa jahazi, lakini ufundi ulikuwa wao.

Hata Jomo Kenyatta, katika picha maarufu ya kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, alivaa vazi la ngozi aliloazima kwa rafiki. Alipiga picha ile Uingereza, akitaka wasomaji wamwone Mwafrika halisi. Wakamwona.

Kwa hiyo nikiisoma amri ya Spika kama maandishi, naona inazungumzia mlango kuliko heshima: nani aingie, nani abaki nje. Mwaka 2011 Mike Sonko, mbunge wa Makadara wakati huo, alitolewa Bungeni kwa sababu ya vipuli na miwani ya jua, kana kwamba sikio la mwanamume lililopambwa ni uhuni wa juzi. Wanaume wa Ukambani walipamba masikio yao kabla Bunge halijakuwepo. Na tusidhani dawa ni kuigeuza tu amri. Mobutu, kule Zaire miaka ya 1970, alikataza suti na tai akawataka wanaume wavae abakosti. Nguo ilibadilika, lakini bawabu alibaki mlangoni.

Ndiyo maana kelele za "vazi letu" hazinitoshi. Zinamwachia Spika swali lenyewe, zinabishana naye kuhusu jibu tu. Na swali hilo haliishii Bungeni. Kijana wa Mtito Andei akiitwa intavyuu Nairobi, huazima koti la binamu yake, mabega yakining'inia kidogo. Koti lile linamsitiri vizuri sana. Mwenye kazi ya kujieleza ni yule upande wa pili wa meza, anayetazama kola kabla hajasoma cheti.