"Kushindwa" kwa Namna Tatu: Maoni Juu ya Istilahi za Majaribio ya Programu

Hivi karibuni tulipata nafasi ya kupitia rasimu ya mwongozo wa mafundi wa kompyuta iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri anastahili pongezi: sarufi yake ni safi, wala hakukimbilia kutohoa pale palipokuwa na neno la kufaa. Hata hivyo, neno moja lilitutatiza toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nalo ni "kushindwa". Tunalijadili hapa kwa sababu dosari hii si ya mfasiri huyu peke yake. Wengi wetu tumeizoea, na madhara yake si ya lugha tu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Skripti ya majaribio ni faili lenye orodha ya amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine ili kupima kama programu fulani inafanya kazi ipasavyo. Kila amri inapomalizika hurudisha namba. Katika mifumo ya jamii ya Unix, 0 maana yake ni salama; namba nyingine yoyote, hadi 255, maana yake kuna kasoro. Aghalabu mtambo unaosimamia majaribio hausomi maandishi yaliyotokea kwenye kioo. Husoma namba hiyo tu. Basi namba ikipotea njiani, majaribio yaliyoharibika huandikwa kuwa yamefaulu.

Nayo hupotea kwa urahisi. Fundi akiyapitisha matokeo ya majaribio kwenye amri ya "tee" ili yahifadhiwe katika faili, namba inayorudi ni ya "tee", si ya majaribio. Karani aliyenakili vizuri habari ya msiba amefanya kazi yake vizuri, kwa hiyo hujibu 0. Dawa yake katika Bash ni amri "set -o pipefail". Lakini amri hiyo haikuingia katika kanuni za POSIX mpaka toleo la mwaka 2024, na dash, ambayo Ubuntu iliifanya kuwa "sh" yake mwaka 2006, iliishi miaka mingi bila kuwa nayo. Katika Windows mambo ni mengine tena. Sharti la "if errorlevel 1" huuliza kama namba ni 1 au zaidi. Programu iliyokatika kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake hurudisha -1073741819, namba iliyo chini ya 0, nayo hupita kama iliyo salama. Hapo fundi hana budi kuuliza kama namba si 0.

Sasa turudi kwa mfasiri wetu. Katika rasimu yake, "jaribio limeshindwa" hutumika programu inapopimwa ikaonekana ina kasoro. Hutumika pia skripti yenyewe inapokosa faili ikasimama kabla ya kupima lolote. Tena, kwa kuongezewa "kimya kimya", hutumika matokeo mabaya yanapopokewa kama mema. Mambo matatu, jina moja!

Ifahamike kwamba mitambo yenyewe haiyachanganyi mambo haya. Maktaba ya majaribio ya Python iitwayo unittest huandika herufi F pale programu isipotoa jibu lililotarajiwa, na herufi E pale jaribio lilipokatizwa na hitilafu nyingine. Automake nayo imetenga namba 77 kwa jaribio lililorukwa, na 99 kwa jaribio lililoharibika lenyewe. Tafsiri inayofuta tofauti hizo humtuma fundi kutengeneza programu isiyo na kasoro, huku skripti mbovu ikibaki vilevile.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Mwalimu yeyote ajua kwamba mtahiniwa ndiye anayeanguka, mtihani hauanguki. Mtihani uliomwangusha mwanafunzi asiyejua haukushindwa, bali umetimiza wajibu wake. Mtihani uliokwama ni ule ambao karatasi zake hazikufika. La tatu ni pale mwanafunzi alipoanguka lakini tangazo ubaoni likasema amefaulu.

Kwa kufuata mfano huo, tunapendekeza ifuatavyo. Kwa la kwanza, "programu imeanguka katika jaribio", mtenda akiwa programu. Kwa la pili, "jaribio limekwama". Kwa la tatu, "anguko lisilotangazwa". Hatuipendi "kimya kimya" kwa kuwa humdokezea msomaji nia na hila, kama mtu aondokaye bila kuaga. Isitoshe, mara nyingi hapana kimya chochote: maneno ya kosa yamejaa kioo kizima, ila namba iliyopaswa kuyatangaza ndiyo iliyopotea.

Yamkini wako watakaosema kwamba "kuanguka" tayari hutumika kwa programu inayozimika ghafla. Ni kweli, na pingamizi hilo lina uzito. Kwa maoni yetu hali hiyo iitwe "kukatika", kama umeme ukatikavyo, ili "kuanguka" kubaki na maana yake ya mtihani.

Hatudai kwamba mapendekezo haya hayana kasoro. Tunachosisitiza ni kwamba mfasiri, kabla ya kuandika "imeshindwa", ajiulize: nani ameshindwa, na nani alipewa habari? Ofisa atakayetia sahihi kupokea programu ya mishahara au ya hospitali hataisoma skripti. Atasoma ripoti yetu ya Kiswahili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusiwe sisi watakaokiongeza kimya hicho kwa neno lisilotenganisha mambo. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi tunawaomba watuandikie.