Woolf alivyompima Eliot kwa sikio

Juni 1922, mshairi T. S. Eliot alikula chakula cha jioni kwa akina Woolf, huko Richmond, kisha akawasomea shairi lake The Waste Land. Tarehe 23 Virginia Woolf aliandika maoni yake katika shajara. Ni maneno machache tu, lakini yamepangwa kwa ustadi.

Anaanza na namna shairi lilivyotolewa: Eliot aliliimba, akalighani, akalitia mahadhi. (Sisi tuliozoea mashairi ya kughaniwa tunajua jambo hilo lina uzito gani.) Kwa kutanguliza sauti, Woolf anaweka wazi mpaka wa ushahidi wake: anahukumu alichokisikia. Ndipo anaposifu uzuri, nguvu ya maneno, ulinganifu na mkazo. Halafu anasita. Kinachoyaunganisha yote hayo, hana hakika nacho. Hasemi kwamba hakipo. Anamtaja rafiki yao Mary Hutchinson, aliyelisikia kwa utulivu zaidi na kuliona kama tawasifu ya Eliot, ila haazimi tafsiri hiyo kuziba shaka yake mwenyewe. Wahakiki wengi wangeiazima.

Baada ya sikio vikaja vidole. Virginia na mumewe Leonard walikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, Hogarth Press, tangu 1917, nao ndio waliochapa kijitabu cha Eliot cha 1919. Mwaka 1923 Virginia mwenyewe alipanga kwa mkono herufi za The Waste Land, shairi la mistari zaidi ya 400. Mpangaji wa herufi hawezi kuruka mstari unaomchosha. Hata nafasi tupu kati ya vifungu huipanga. Ungedhani kazi hiyo ingemfunulia kiungo alichokikosa.

Haikumfunulia. Katika insha yake ya 1924 kuhusu wahusika wa riwaya alirudia hoja ileile hadharani: mstari mmoja mmoja ni mzuri ajabu, ila msomaji hulazimika kuruka kutoka mmoja hadi mwingine kama mwanasarakasi. Kilichobadilika ni mwenye kubebeshwa lawama. Katika shajara upungufu ulikuwa wa msikilizaji asiye na hakika. Katika insha ni wa mshairi asiyejali adabu za kumpokea msomaji. Naiamini zaidi shajara.

Insha hiyo ilitoka Julai katika jarida la The Criterion. Mhariri wake alikuwa Eliot.