Mkono wa Fundi kwenye Kaptula ya Askari

Anayetaka kuijua Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam na aanzie mgongoni. Mbele kuna singe, na singe huteka macho. Wapita njia wengi wa Posta wakiinua kichwa huona bunduki tu, wakaendelea na hamsini zao. Nyuma ndiko kazi iliko. Hapo utamwona mtu anayeisukuma ardhi kwa mguu mmoja huku uzito wote ukiwa umeshahamia mguu wa mbele, paja limekaza, kaptula imevutwa, na mgongo umeinama kiasi cha mtu ambaye hawezi tena kurudi nyuma hata akitaka. Mikunjo ya nguo haikuwekwa kwa urembo. Kila mmoja una sababu yake chini ya kitambaa, na sababu hiyo ni mwili.

Huo ndio mtihani wa kwanza wa mchonga sanamu wa kijeshi, na wengi huufeli. Wengi huanza na sare. Huchonga vifungo, mifuko, mikanda na kofia, kisha hutafuta mtu wa kumvika; matokeo yake ni nguo zinazosimama zenyewe kama zilizotundikwa dirishani kwa fundi cherehani. Aliyemtengeneza askari huyu alianza na mtu.

Jina lake ni James Alexander Stevenson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1881 na kufa mwaka 1937. Kazi zake alizitia sahihi ya Myrander, jina aliloliunga kutoka la mkewe, Myra, na mkia wa Alexander. Sanamu ilisubiwa katika karakana ya Morris, Westminster, ikaonyeshwa kwanza London katika ukumbi wa Royal Academy, ambako ilisifiwa, ndipo ikavushwa bahari. Ilizinduliwa mwaka 1927, na tangu hapo imesimama kwenye kipilefti cha Samora na Maktaba, singe ikiwa imeelekea bandarini.

Shaba nyeusi ndiyo iliyomruhusu Myrander kumsimamisha mtu wake hivyo. Jiwe lisingekubali. Jiwe hubeba uzito vizuri likikandamizwa, lakini halipendi kuvutwa wala kupindwa, na ndiyo maana sanamu nyingi za mawe zimeegemezwa kwenye gogo au nguzo ambayo haina kazi nyingine ila kumzuia shujaa asivunjike vifundo. Bunduki iliyonyooshwa mbele hewani, pasipo kitu chini yake, ingekatika hata kabla ya kufika melini, sembuse kuvuka Suez. Shaba iliyochanganywa na bati ni ngumu bila kuwa kavu. Isitoshe ina uwazi ndani. Mtu huyo anayeonekana mzito kama mwamba ni ganda tu, na unene wa ganda la sanamu ya aina hii mara nyingi hauzidi upana wa kidole kidogo.

Namna ya kulipata ganda hilo ni kisa cha subira. Wapo wanaosubu kwa kalibu za mchanga, na wapo wanaotumia nta. Nitaieleza ya nta kwa sababu humo unaona vizuri zaidi jinsi kazi moja inavyokufa ili nyingine izaliwe. Mchongaji huanza na mifupa ya chuma, akaifunika udongo, akaujenga mwili kwa vidole na vipande vya mti. Udongo ukikamilika, hufunikwa plasta ili ipatikane kalibu. Udongo wenyewe huharibika wakati wa kuitoa. Ndani ya kalibu hupakwa nta tabaka baada ya tabaka mpaka ifikie unene unaotakiwa kwa shaba. Katikati hujazwa moyo wa plasta na vumbi la matofali, na misumari hupenyezwa ili moyo huo usije ukacheza nta itakapoondoka. Nta ikitolewa kwenye kalibu, mchongaji huirudia kwa mkono. Hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kurekebisha kope, kucha, ukingo wa mfuko.

Kisha huja kazi ambayo macho ya mtazamaji hayataiona kamwe. Kwenye sanamu ya nta hupachikwa mirija ya nta: mingine ya kuingizia madini, mingine ya kutolea hewa. Fundi lazima afikirie kama maji. Akisahau kutoboa njia ya hewa kwenye ncha ya kidole, hewa itabanwa humo na kidole kitatoka nusu. Vyote hivyo hufunikwa tena kwa udongo mzito unaostahimili moto, vikaingizwa tanurini siku kadhaa mpaka nta yote iyeyuke na kutoka. Ndani hubaki pengo lenye umbo la mtu. Shaba nyeusi humiminwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za selsiasi, kwa mkupuo mmoja usiokatika, kwa kuwa mkondo ukisita hata kidogo huacha mshono baridi ambao mvua na chumvi zitaugundua baadaye. Sanamu kubwa haitoki nzima. Hutoka vipande, na vipande huunganishwa.

Ukiivunja kalibu unakutana na kitu kibaya: askari mweusi wa moshi, ameota mirija kila mahali, misumari imemtoka mbavuni. Hapo ndipo huingia fundi mwingine ambaye jina lake haliandikwi popote, mwenye patasi, tupa na nyundo ndogo. Hukata mirija, huziba matundu ya misumari, hupiga mshono mpaka shaba ya huku iwe moja na ya kule, kisha huirudishia ngozi ile mikwaruzo midogo ya vidole vya mchongaji iliyofutwa na tupa. Akiwa stadi, hutajua alipita. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo sifa yake ni kutoonekana kabisa namna hii. Rangi huja mwisho: shaba hupashwa moto ikapakwa dawa zenye salfa au chumvi za shaba, zikaipa kahawia, weusi au kijani, na juu yake nta ya kuizuia hewa. Mjini kwetu nta hiyo ina maadui wawili, upepo wa bahari wenye chumvi na kunguru weusi, ambao kinyesi chao huila shaba bila kujali cheo cha mtu.

Dar es Salaam ilikuwa na askari mwingine wa shaba kabla ya huyu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, kazi ya Adolf Kürle. Wissmann alikuwa juu, amesimama. Chini yake, kwenye kitako, aliwekwa askari wa Kiafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua uso, na simba amelala chini ya bendera. Kama kazi ya kusubu haikuwa mbaya. Lakini angalia askari yule amepewa kazi gani: ni ngazi ya macho ya mtazamaji kumfikia mzungu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliibeba kama nyara. Baadaye ikarudi Ujerumani, ikasimama Hamburg kuanzia 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena mwaka uliofuata.

Askari wa Myrander hamtazami mtu. Hakuna aliye juu yake. Mfalme ambaye inasemekana alimfia hayupo hata kwa kichwa cha upande. Sidai kwamba waliolipia walikusudia ukombozi wowote. Ulikuwa ukumbusho wa kikoloni, na lengo lake lilikuwa kusifu utii. Ila mkono wa fundi una akili yake, na ukishampa mtu uti wa mgongo wa namna ile hauwezi tena kumfanya kitumwa. Nairobi wana kazi ya Myrander pia, iliyozinduliwa mwaka 1928 kwenye barabara ambayo sasa inaitwa Kenyatta: watu watatu kwenye kitako kimoja. Kwa macho yangu ile ni dhaifu zaidi, kwa sababu watatu wale wamesimama kama waliopangwa studio kupigwa picha. Lakini ina jambo ambalo Dar haikulipata. Mmoja wa watatu ni mpagazi.

Na wapagazi ndio waliokufa. Kampeni ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918 ilibebwa vichwani: unga, risasi, vipande vya mizinga, majeruhi. Upande wa Waingereza peke yake ulichukua watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hiyo, na walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo unabeba jina la kikosi chao, nao ndio ukumbusho unaotajwa kila siku na makonda wa daladala.

Maandishi ya sanamu yaliandikwa na Rudyard Kipling, na yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili kikiwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawataja askari na wapagazi, na yanamuahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe hawatalisahau jina lake. Hapo mimi hukwama kila mara, maana chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja. Kipling alikuwa baba aliyempoteza mwanawe, John, katika vita vya Loos mwaka 1915, na mwili haukupatikana maisha yake yote. Alijua vizuri kuliko wengi thamani ya jina pale ambapo kaburi halipo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ufundi wa kuandika majina mengi haukuwapo. Katika miaka ile ile Uingereza ilitoa bamba la duara la shaba nyeusi kwa familia ya kila marehemu wa vita, upana wake milimita 120 hivi. Lilibuniwa na Edward Carter Preston wa Liverpool, aliyeshinda shindano lililovuta michoro zaidi ya 800. Lina Britania ameshika shada, simba, na pomboo wawili, na chini ya shada kuna kisanduku kidogo cha mstatili. Ndani ya kisanduku hicho jina la marehemu limeinuka kutoka kwenye shaba yenyewe, halikuchongwa juu baadaye. Maana yake ni kwamba kila bamba lilihitaji herufi zake kupangwa kabla ya kusubiwa. Cheo hakikuwekwa, jenerali na kuruta walilingana. Yalitengenezwa mabamba yapatayo 1,355,000. Mara milioni moja na zaidi, mtu alipanga herufi za mtu mmoja. Na huko Thiepval, Ufaransa, mnara wa Edwin Lutyens uliozinduliwa mwaka 1932 ulichongwa majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana.

Kwa hiyo patasi zilikuwepo na mafundi walikuwepo. Kilichokosekana kilikosekana ofisini. Tume iliyosimamia makaburi ya vita iliamua kwamba Waafrika wa huku wangetoshwa na ukumbusho wa jumla, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yamezwe na msitu. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Naisoma sanamu ya Myrander kwa hesabu hiyo mkononi, na heshima yangu kwa fundi inaongezeka badala ya kupungua. Aliagizwa amtengeneze askari yeyote, askari wa jumla. Mtu wa jumla hana misuli. Mikunjo ya kaptula haitokei kwa mtu wa jumla. Ofisi ilimnyima jina, karakana ikampa mwili ambao ni wake peke yake.

Kazi ya majina imeanza kwa kuchelewa miaka 100, na imeanza kusini. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya watu zaidi ya 1,700, wengi wao Waafrika Kusini weusi waliokufa barani Afrika katika vita ile wakihudumia majeshi bila kushika bunduki. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao yenye jina na tarehe ya kifo. Mbao hiyo ni mvule, ule ule ambao maseremala wetu wanaupigia randa kwa milango na vitanda vya harusi, wakikohoa kwa vumbi lake. Ni uchaguzi wa mtu anayejua mbao. Mvule hauliwi na mchwa kirahisi, unavumilia jua na mvua, na jina likichongwa humo kwa kina cha kutosha linasomeka hata rangi ikishageuka kijivu. Kwa majina ya wapagazi wa kwetu, ambayo bado yanatafutwa katika daftari za malipo na orodha za vikosi, kitako cha kipilefti cha Samora hakitatosha hata kwa kuanzia. Litahitajika eneo, na watahitajika wachongaji wengi wanaoweza kuandika majina ya Kinyamwezi, Kikamba na Kiyao bila kuyakosea.