Mguu Uliomo Ndani ya Pesa

"Mama, ni franga ngapi?"

Hivyo ndivyo bei ya samaki wadogo waitwao sambaza inavyoulizwa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu nchini Kongo. Wengine husema makuta, jina lililodumu kuliko sarafu ya Zaire iliyolileta. Wengine husema feza, yaani fedha, madini yenyewe. Lakini mteja akilipa kwa simu, neno ni M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya 2007 na kuingia Kongo 2012. Kwa hiyo hata hapa, ambako faranga ya Mbelgiji ndiyo iliyoacha jina, pesa imefika.

Imetoka wapi? Hapo ndipo unapoonekana ufundi wa wachunguzi wa asili ya maneno, kazi ya subira inayostahili sifa kuliko inavyopewa. Mchonga mitumbwi huligonga gogo kwanza, asikilize kama lina ufa. Nao hufanya vivyo hivyo.

Mtu mwenye haraka angesema pesa ni *peso*, kwa kuwa Wareno walikaa pwani muda mrefu. Sauti zinafanana kweli. Fundi haridhiki, anauliza watu walishika sarafu gani mkononi. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu ya shaba yenye picha ya mizani, na hesabu yake ilikuwa ya Kihindi: pesa 64 kwa rupia moja. Wajerumani nao, kuanzia 1890, walitoa sarafu zao za pesa. Mwaka 1904 waliigawa rupia kwa *heller* 100, na Watanzania wakabaki na hela.

Basi gogo ni la Bara Hindi. Kihindi na Kinepali husema *paisa*, Kigujarati *paiso*, Kibengali *poysha*. Huko Oman, ng'ambo ya bahari, riali moja ina *baisa* 1,000. Na ile *ai* ilikwenda wapi? Kiswahili huibana ikawa *e*. Ma- na -ino ni meno, wa- na -izi ni wezi. *Khair* ya Kiarabu ni heri, *dain* ni deni. *Paisa* ikapita mlango huo huo. Ukaguzi mdogo kama huu, wa irabu mbili tu, ndio uzuri wote wa kazi hii.

Mfano wa subira hiyo ni Ralph Turner, Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Wagurkha katika Vita Kuu ya Kwanza, aliyetoa kamusi ya Kinepali 1931. Kisha, kati ya 1962 na 1966, akatoa kamusi linganishi ya lugha za Kiindo-Arya yenye vidahizo zaidi ya elfu 14. Miaka thelathini na zaidi kati ya vitabu viwili!

Wengi huifikisha *paisa* kwenye neno la Kisanskriti *padamsha*: *pada* ni mguu, *amsha* ni sehemu. Mnyama ana miguu minne, hivyo mguu mmoja ukawa jina la robo. Na paisa kweli ilikuwa robo ya *ana*, sarafu ambayo kumi na sita zake zilifanya rupia.

Mchinjaji wa Kalehe hahitaji Kisanskriti kuielewa hesabu hiyo. Mbuzi ananing'inia mbele yake. Mteja anaonyesha mguu wa nyuma, wanapatana, kisu kinapita kwenye kiungo. Kisha mteja anatoa simu na kulipa kwa M-Pesa: mguu kwa mguu.