Kivuli au Kipimo: Namna Unyayo wa Mchangani Unavyopigwa Picha

Unyayo mchangani hauna rangi yake. Mchanga ulio ndani ya alama ni ule ule ulio pembeni, chembe zile zile, weupe ule ule. Ukiupiga picha saa sita mchana, jua likiwa utosini, utarudi nyumbani na picha ya mchanga mtupu, ingawa uliposimama pale uliuona unyayo waziwazi, kisigino na vidole vyake. Macho mawili yakitazama pamoja hupima kina. Lenzi moja haiwezi. Kinachobaki kwa kamera ni kivuli peke yake, na kivuli kina hesabu yake. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu wapiga picha wengi hufikiri tatizo lao ni kamera duni, na wakati mwingine huishia kununua kamera mpya bure.

Huku kwetu Malili, Kenya, hatuna bahari. Tambarare hii ya Konza ina udongo mweusi unaonata mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwato za ng'ombe zilizozama ndani yake msimu wa mvua hukauka zikawa ngumu kama tofali. Mchanga uko upande wa Wote, kwenye mito ya msimu kama Kaiti na Thwake, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hukauka juu huku maji yakijificha chini. Watu huchimba visima humo humo mtoni, na kandokando ya visima hivyo ndipo penye nyayo bora kuliko mahali pengine popote: za watoto wanaotembea pekupeku, za punda wanaobeba mitungi, za mbuzi. Unyevu ndio siri yake. Maji kidogo kati ya chembe huzishikanisha, ukuta wa unyayo ukasimama wima. Mchanga mkavu hauwezi kusimama hivyo. Ukuta wake huporomoka mpaka ulale kwenye mteremko wa digrii thelathini na kitu, na alama ikawa kibonde kisicho na vidole. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuchagua mchanga, kabla hujagusa kamera.

Sasa jua. Chukua unyayo wenye kina cha sentimita 2. Jua likiwa digrii 10 juu ya upeo wa macho, ukingo wa unyayo hutupa kivuli cha sentimita 11 hivi. Hicho kinafunika upana wote wa wayo, na utapata doa jeusi lisilo na kitu ndani. Likifika digrii 20, kivuli ni sentimita 5 na nusu. Digrii 30, sentimita 3 na nusu: nusu ya kisigino ina giza, nusu ina mwanga, na umbo linajitokeza. Digrii 60, kivuli kimebaki sentimita moja na kidogo, unyayo umeanza kupotea. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, na jua letu hupanda karibu digrii 15 kila saa. Mwezi wa Machi huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo unyayo wa sentimita 2 unapigwa vizuri kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu hivi. Alama ya kwato ya mwana-mbuzi, ambayo ina kina cha nusu sentimita tu, inataka jua la chini zaidi, la saa moja na nusu. Ushauri wa kawaida kwamba piga picha alfajiri haujali kina cha kitu unachokipiga, na mimi siukubali kwa kazi hii. Kadiri alama ilivyo ya kina ndivyo unavyopaswa kusubiri zaidi.

Upande ambao mwanga unatokea una uzito wake pia. Mwanga ukiukata unyayo kwa upana, utaona upinde wa wayo na ukingo wa nje. Ukija kwa urefu, kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, upinde unafifia lakini mashimo ya vidole yanajitokeza. Piga yote mawili kama jua linakuruhusu. Lisipokuruhusu, fungua mwavuli juu ya unyayo uzuie jua, kisha umulike kwa tochi kali kutoka upande unaoutaka, ukiishika chini karibu na ardhi. Wapelelezi wa uhalifu hufanya hivyo hivyo: picha kadhaa za alama moja, kamera haisogei, taa inazunguka.

Kisha kuna ule udanganyifu unaowashangaza wengi, pale unyayo unapoonekana kama kichuguu kilichoinuka. Akili ya binadamu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Picha ikiwekwa mwanga wake ukitoka chini ya fremu, vivuli husomeka kinyume na shimo likageuka kilima. Dawa yake haihitaji programu yoyote. Geuza picha mpaka upande wenye jua uwe juu, na kilima kitazama tena.

Mpaka hapa nimezungumzia picha ya kutazamwa. Picha ya kupimwa ina masharti mengine, na masharti hayo yaliandikwa katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilianza kufukua, huko Laetoli kaskazini mwa Tanzania, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita. Baada ya kazi, njia ile ilifukiwa tena ili ihifadhiwe. Kwenye kifusi mbegu za migunga zilichipua, mizizi ikateremka kuelekea nyayo zenyewe, na katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ikishirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ilibidi ifukue, itibu na kufukia upya. Wakati wote huo mtafiti aliyetaka kusoma nyayo zile alitegemea nakala za kumimina na picha. Ndiyo maana makala ya Day na Wickens ya mwaka 1980, katika jarida la Nature, ilikuwa na thamani kubwa: walitumia picha za jozi, zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti, wakachora mistari ya kina ya unyayo kama ramani inavyochora mlima. Macho mawili ya binadamu yalirudishwa kazini kwa kutumia lenzi.

Ileret, mashariki mwa Ziwa Turkana, nyayo za miaka milioni 1.5 zilizotangazwa mwaka 2009 zilipimwa kwa miale ya leza. Kwenye orodha ya waandishi wa utafiti ule wamo Emma Mbua na Purity Kiura wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Halafu huko huko Laetoli, timu ya Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitangaza mwaka 2016 nyayo nyingine, zilizopatikana walipokuwa wakikagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho, na kutengeneza modeli za pande tatu kutokana na picha za kawaida. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu sisi wenye simu tu.

Utaratibu wake ni huu. Weka rula kando ya unyayo, na uichimbie kidogo ili iwe usawa wa sakafu ya alama. Ukiiacha juu, itakuwa karibu zaidi na lenzi na vipimo vitadanganya. Piga picha moja kutoka juu kabisa, kamera ikitazama chini wima. Baadaye zunguka unyayo wote, ukipiga kila hatua ndogo, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, kisha zunguka tena kwa kimo cha chini. Usikuze wala kupunguza lenzi katikati ya kazi. Programu ya kutengeneza modeli itatafuta chembe zile zile katika picha tofauti na kukokotoa kina, na mchanga wetu wenye madoa meusi na chembe zinazometa huirahisishia kazi hiyo.

Lakini mwanga sasa unageuka. Kivuli kile tulichokisubiri hadi saa mbili na nusu ni adui hapa, kwa kuwa ndani ya giza programu haioni chembe za kulinganisha, na kivuli chako mwenyewe kikitembea juu ya unyayo unapozunguka huivuruga kabisa. Modeli hutaka wingu, au mwavuli mkubwa unaoshikwa na mwenzako asiyesogea. Ikikamilika, unaweza kuimulika ndani ya kompyuta kwa jua la bandia la digrii yoyote, hata lile la digrii 10 lililokunyima picha asubuhi.

Anza na modeli ikiwa kuna wingu, au na picha ya kivuli ikiwa jua limefika kimo chake, ila, isipokuwa kuchimbia rula, usiguse mchanga mpaka zote mbili zipatikane. Rula nayo ichimbiwe baada ya picha ya kwanza, na iwe mbali na ukingo kwa upana wa kiganja, kwani mchanga wenye unyevu husukuma ukuta wa unyayo ukiubonyeza kwa karibu.