«Ugonjwa hauchagui tajiri wala maskini»: ni kweli?

Wandugu wa chama, kuko maneno tunayoyasikia kila mara ugonjwa wa mlipuko ukiingia kwetu Ituri: «Ugonjwa hauchagui tajiri wala maskini.» Yanasemwa redioni, kanisani, sokoni, na sisi wenye lisansi tunayarudilia tukipewa megafoni. Nia yake ni nzuri, kila mtu ajikinge. Lakini mimi naona ni nusu ya ukweli tu, na nusu ile tunayoificha njo inayoua watu.

Tuanze na shamba, juu njo kazi niliyosomea. Ile mozaiki inayokunja majani ya sombe haijui shamba ni la nani. Lakini tuangalie njia yake. Inabebwa na nzi weupe, na inabebwa pia na miti ya muhogo tunayopanda. Mwenye pesa ananunua miti safi, ya aina inayovumilia. Asiye na pesa anakata kwa jirani, na jirani naye alikata kwa mwingine. Ugonjwa umevuka vijiji vitatu bila kungoja nzi. Darasani walitufundisha kwamba ugonjwa unataka mambo matatu: kijidudu, mmea unaoweza kushikwa, na mazingira yanayousaidia. Kwa binadamu, umaskini ni sehemu ya mazingira hayo.

Tutazame Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Ilifika Mambasa, ikafika Komanda, humu humu mu Irumu yetu. Mwishoni mwa 2018, kule Beni, iligunduliwa kwamba watu wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo vya matibabu vya watu binafsi, vile vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano. Kati yao walikuwa watoto wengi waliopelekwa kutibiwa malaria. Sasa, juu ya nini mama apeleke mtoto pale? Mara nyingi ni kwa sababu kituo kiko karibu na mwenyewe anakubali deni. Tukisema «watu hawasikii mashauri», tunamlaumu mama kwa kukosa kitu ambacho hana mfukoni.

Ni vile vile kwa «nawa mikono» na «kaa nyumbani». Motari anakula kile alichokipata leo. Akikaa nyumbani siku tatu, watoto wanalala njaa. Na wadeplase waliokimbia vita ya Djugu tangu Desemba 2017, wakalundikana Bunia chini ya mahema, umbali wa metre moja wataupata wapi? Bidoni ya maji wanaipangia foleni.

Jambo la pili ni lile linaloniuma zaidi. Miaka ile ile ya Ebola, surua ilikuwa inaua Kongo nzima. Mwanzoni mwa Januari 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema surua imeshaua zaidi ya watu 6,000 tangu 2019 ianze, wengi wao watoto. Hiyo inapita mara mbili waliokufa na Ebola mu mlipuko mzima. Na chanjo ya surua iko tangu 1963. Lakini magari, hoteli zilizojaa na dola vilifuata Ebola. Hata Ebola yenyewe ilitangazwa dharura ya dunia tarehe 17 Julai 2019, siku tatu baada ya mgonjwa kupatikana Goma, mji wenye mpaka na uwanja wa ndege. Watu wa Mangina na Beni walikuwa wanazika tangu karibu mwaka mzima. Basi raia alipouliza, «Tukikufa na panga ao malaria, muko wapi?», haukuwa ujinga. Alikuwa ameona vizuri ni kifo gani kinachohesabiwa.

Mtu atanijibu: COVID iliua hata wakubwa wa Kinshasa. Ni kweli. Mkubwa anaweza kushikwa. Lakini yeye alikuwa na chumba cha kujitenga, oksijeni, na mshahara ulioingia hata akilala. Kijidudu ni kimoja, nafasi ya kukikwepa si moja.

Sisemi tuache kuhamasisha. Nasema sisi wasomi tusikubali tena kushika megafoni bila kuuliza wakubwa wa kampeni maswali matatu. Maji ya kunawa yatatoka wapi? Nani atalisha nyumba ya mtu anayefuatiliwa siku 21? Kituo cha afya kitapokea mgonjwa asiye na franka? Hapa Aveba, kama majibu ni hapana, basi tumepeleka maneno tu, na mama atarudi pale wanapokubali deni.